Medicaid kwa mtoto mwenye ulemavu nchini Marekani: njia nne zikilinganishwa

Mzazi anayeishi Marekani na kulea mtoto mwenye mtindio wa ubongo, usonji mzito, kifafa kisichotulia au selimundu iliyokwisha kumletea kiharusi husikia jina la Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wenye kipato kidogo au ulemavu, mapema sana, mara nyingi kabla mtoto hajatoka hospitalini. Asichoambiwa ni kwamba Medicaid ina njia kadhaa za kuingia, kila moja ikiwa na masharti yake, na kwamba barua ya kukataliwa kwa njia moja haina maana kwamba mtoto amekataliwa na mpango mzima. Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, wakiwamo wakimbizi kutoka Kongo na wahamiaji kutoka Kenya, Tanzania na Burundi, husoma barua ya kwanza, huona maneno kwamba kipato kimezidi, na huishia hapo. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili yao.

Swali la kumwongoza mzazi ni moja: kipato cha nani kinahesabiwa? Katika njia mbili kati ya nne zilizoelezwa hapa, serikali huangalia mshahara wa baba na mama. Katika mbili nyingine huangalia kipato na mali ya mtoto peke yake, hata kama wazazi wana mishahara mizuri. Mzazi akilishika hilo, sehemu kubwa ya ugumu wa kuchagua humwondokea.

Medicaid ilianzishwa kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 30 Julai 1965, ikiwa mpango wa pamoja wa serikali kuu na majimbo. Serikali kuu huweka masharti ya msingi na kuchangia sehemu kubwa ya gharama, huku kila jimbo likiongeza lake na hata kuupa mpango jina lake: California huitwa Medi-Cal, Maine ni MaineCare, Tennessee ni TennCare, Massachusetts ni MassHealth. Kwa hiyo ushauri wa shemeji anayeishi Arizona, hata ukiwa wa kweli kabisa kwake, unaweza usifae kitu kwa mtu anayeishi Ohio.

Kwa nini usitosheke na bima ya kazini

Wazazi wenye bima nzuri kazini huuliza kama kuna haja ya kuhangaika. Ipo. Bima nyingi za kazini huweka kikomo cha vikao vya tiba ya usemi au tiba ya viungo kwa mwaka, hazilipii muuguzi wa kukaa na mtoto nyumbani, na huacha gharama ya kiti mwendo, vifaa vya kuongea au maziwa ya kulishia kwa mpira ikimwangukia mzazi kwa kiasi kikubwa. Medicaid, kwa upande wake, inafungwa na sheria ya mwaka 1967 inayojulikana kwa kifupi cha EPSDT, ambayo iliimarishwa mwaka 1989. Sheria hiyo inamtaka kila mtoto aliye chini ya umri wa miaka 21 apewe tiba yoyote ya lazima kwa afya yake iliyo katika orodha ya huduma za Medicaid, hata kama jimbo haliitoi kwa watu wazima. Meno, miwani, vifaa vya kusikia, tiba za kila wiki, uuguzi wa nyumbani na usafiri wa kwenda kliniki vyote vimo. Vikao vya tiba haviwezi kukatwa kwa sababu tu vimefika idadi fulani. Kinachopaswa kuangaliwa ni kama mtoto huyu, kwa hali yake, bado anavihitaji.

Bima mbili zinaweza kwenda pamoja. Ya kazini hulipa kwanza, Medicaid hulipa kilichobaki, na katika majimbo kadhaa Medicaid huweza hata kumsaidia mzazi kulipa makato ya bima ya kazini ikiwa kufanya hivyo ni nafuu kwa jimbo. Kwa hiyo mzazi asiache bima ya kazini akidhani kwamba kuwa nayo kunamnyima mtoto Medicaid.

Njia ya kipato cha familia

Hii ndiyo njia nyepesi, na ndiyo ya kujaribiwa kwanza na kila familia yenye kipato cha chini au cha kati. Haiulizi lolote kuhusu ulemavu, haihesabu akiba wala gari wala kiwanja. Inaangalia ukubwa wa familia na kipato chake kwa hesabu zinazofanana na za kodi. Sheria ya serikali kuu inayataka majimbo yote yawapokee watoto ambao kipato cha familia zao hakizidi asilimia 138 ya kiwango cha umaskini, ukijumlisha punguzo la hesabu la asilimia 5. Kwa viwango vya mwaka 2025, kiwango cha umaskini kwa familia ya watu wanne kilikuwa dola 32,150 kwa mwaka, kwa hiyo asilimia 138 yake ni takriban dola 44,367. Majimbo mengi yamekwenda mbali zaidi, hasa kupitia mpango dada wa bima ya watoto, CHIP, ulioanzishwa mwaka 1997.

Uamuzi kwa njia hii unatakiwa kutoka ndani ya siku 45, ilhali maombi yanayotegemea ulemavu hupewa hadi siku 90. Aidha, tangu tarehe 1 Januari 2024, mtoto aliye chini ya umri wa miaka 19 akishapokelewa hubaki na bima kwa miezi 12 mfululizo, hata kama mzazi amepata kazi ya mshahara mkubwa katikati ya mwaka.

Kuna tahadhari moja ambayo wafanyakazi wa ofisini hawaitaji mara kwa mara. CHIP si lazima iwe Medicaid. Baadhi ya majimbo huiendesha ndani ya Medicaid, na hapo mtoto hupata haki zote za EPSDT. Mengine huiendesha kama mpango wa pekee, ambao unaruhusiwa kuweka vikomo na kutoza malipo kidogo. Kwa mtoto anayeugua mafua mara mbili kwa mwaka tofauti hiyo haionekani. Kwa mtoto anayehitaji tiba ya viungo mara tatu kwa wiki, ni kubwa mno, na mzazi ambaye mtoto wake amepewa CHIP ya pekee anapaswa kuendelea kuomba Medicaid kwa msingi wa ulemavu.

Njia ya SSI

SSI ni fedha taslimu ambazo watu wenye ulemavu na kipato kidogo hulipwa kila mwezi na ofisi ya shirikisho ya Hifadhi ya Jamii, ambayo wengi wanaifahamu kwa kifupi cha SSA. Ilianza kulipwa Januari 1974, na kiwango cha juu cha serikali kuu kwa mwaka 2026 ni dola 994 kwa mwezi. Ninaiweka katika ulinganisho wa bima kwa sababu katika majimbo mengi mtoto anayepokea SSI huingia Medicaid moja kwa moja bila fomu nyingine. Lakini si yote: Utah na Idaho, kwa mfano, humtaka mzazi apeleke maombi ya Medicaid kando, na majimbo kama Illinois, Missouri na Virginia yana vigezo vyake yenyewe. Nimeona familia iliyopokea SSI kwa muda mrefu ikiendelea kulipa bili za hospitali kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba kulikuwa na fomu ya pili.

Masharti ya kiafya ni makali. Hali ya mtoto lazima imwekee vikwazo vizito katika mambo ya kila siku, na iwe imedumu au itarajiwe kudumu kwa angalau miezi 12, au iwe ni hali inayotarajiwa kusababisha kifo. Kwa hali fulani zilizo wazi, kama vile Down syndrome, upofu kamili, uziwi kamili au mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo sana, ofisi inaweza kuanza kulipa hadi miezi sita huku uchunguzi ukiendelea. Mzazi aombe hilo mwenyewe siku ya maombi.

Upande wa fedha ndio unaochanganya. Mpaka mtoto atimize miaka 18, sehemu ya kipato na mali ya wazazi anaoishi nao huhesabiwa kama yake. Watu wengi hujitoa wenyewe kabla ya kuomba kwa kuwa wanafanya kazi, jambo ambalo si sahihi: mshahara hauhesabiwi wote, kwani kuna punguzo la mwanzo, kisha nusu ya unaobaki haihesabiwi, na kuna posho kwa ajili ya watoto wengine wa nyumbani. Kinachowaangusha watu ni akiba. Mtoto haruhusiwi kuwa na zaidi ya dola 2,000, na wazazi wawili huachiwa dola 3,000 ambazo hazihesabiwi. Kinachozidi hapo huhamishiwa kwa mtoto kwenye hesabu. Nyumba mnayoishi na gari moja havihesabiwi. Kiwanja kilichoko nyumbani, iwe Goma au Kigamboni, kinaweza kuhesabiwa ikiwa mnaweza kukiuza. Vivyo hivyo fedha za upatu: mama anayepokea zamu yake ya dola 6,000 na kuziacha benki hadi mwezi mwingine unapoanza anaweza kumkosesha mtoto malipo ya mwezi huo, kwa sababu mali hupimwa ilivyo mwanzoni mwa kila mwezi.

Kuna akaunti halali ya kuhifadhia akiba ya mtoto mwenye ulemavu iitwayo ABLE, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2014, na hadi dola 100,000 zilizomo hazihesabiwi na SSI. Inatumiwa na watu wachache mno katika jamii zetu, nami naamini kila familia yenye mtoto kwenye SSI inapaswa kuifungua.

Na kuna la safari. Mtoto akikaa nje ya Marekani kwa siku 30 mfululizo, SSI yake husimama, na haianzi tena mpaka awe amekaa tena nchini kwa siku 30 mfululizo. Mzazi anayempeleka mtoto Bujumbura au Mombasa kuonana na bibi yake wakati wa likizo ya shule apange safari fupi kuliko hapo, au aiarifu ofisi mapema ili asije akadaiwa fedha alizolipwa kimakosa.

Njia ya Katie Beckett

Katie Beckett alizaliwa Iowa mwaka 1978, akapata maambukizi ya ubongo akiwa mchanga, na akahitaji mashine ya kupumulia. Medicaid ilikuwa tayari kulipia kitanda chake hospitalini lakini si uangalizi wake nyumbani, kwa sababu akirudi nyumbani kipato cha wazazi wake kingehesabiwa. Rais Ronald Reagan alilisema jambo hilo hadharani Novemba 1981, akiupinga utaratibu huo, na mwaka uliofuata Bunge likayapa majimbo ruhusa ya kuwapa Medicaid watoto wa namna hiyo bila kuangalia kipato cha wazazi. Katie aliishi hadi mwaka 2012, akafa akiwa na umri wa miaka 34, baada ya kusoma chuo kikuu na kuwa mtetezi wa watu wenye ulemavu. Njia hiyo inajulikana kwa jina lake, na mahali pengine huitwa TEFRA kwa kifupi cha sheria iliyoileta.

Masharti yake ni haya. Mtoto awe na umri wa miaka 18 au chini yake. Awe na ulemavu kwa kipimo kilekile cha SSI. Awe anahitaji kiwango cha matunzo ambacho kwa kawaida hutolewa hospitalini, katika nyumba ya uuguzi, au katika taasisi ya watu wenye ulemavu wa akili. Iwe inafaa atunzwe nyumbani, na gharama ya kumtunza huko isizidi ile ya taasisi. Kipato na akiba ya wazazi havihesabiwi kabisa. Vya mtoto vinahesabiwa, kwa hiyo bibi mwenye nia njema anayemfungulia mjukuu akaunti ya dola 5,000 kwa jina lake anaweza kumtoa kwenye bima bila kujua.

Kwa familia ambayo baba anaendesha lori na mama ni muuguzi, yenye kipato kinachozidi viwango vyote, naiona hii kuwa njia bora kuliko zote pale inapopatikana. Haiwaadhibu kwa kuweka akiba, haiwalazimishi kupunguza saa za kazi, na pale jimbo lilipoichagua kama sehemu ya mpango wake wa kawaida wa Medicaid, haina foleni: anayetimiza masharti lazima apokelewe. Nimewasikia wazazi wakishauriwa wapunguze zamu kazini ili mtoto apate SSI. Kabla ya kuchukua uamuzi huo wenye gharama kubwa, waulize kwanza kama jimbo lao lina njia ya Katie Beckett.

Kasoro yake ni kwamba haileti fedha mkononi na haipo kila mahali. Maine, Georgia, Minnesota, Wisconsin, Michigan na South Carolina ni baadhi ya majimbo yaliyo nayo. Pennsylvania inafikia matokeo yanayofanana kwa utaratibu wake wa kutohesabu kipato cha wazazi wa mtoto mwenye ulemavu. Tennessee ilianzisha mpango wake mwaka 2020, lakini una nafasi zenye kikomo. Baadhi ya majimbo, kama Arkansas, hutoza ada ya kila mwezi kulingana na kipato cha wazazi. Minnesota iliifuta ada ya namna hiyo mwaka 2023.

Njia ya programu za huduma za nyumbani

Ofisini huitwa waiver, na inafaa kulijua neno hilo kwa sababu ndilo litakalotumiwa kwenye simu. Tangu mwaka 1981 majimbo yameruhusiwa kuomba idhini ya kutoa huduma ambazo Medicaid ya kawaida haitoi: mtu wa kumpokea mzazi apumzike kwa saa chache, kupanua mlango wa bafu ili kiti mwendo kipite, kuweka mteremko wa kupandia gari, msaidizi wa kumwogesha na kumvisha mtoto, na katika baadhi ya majimbo hata kumlipa mzazi mwenyewe kwa kazi anayoifanya. Katika nyingi ya programu hizi kipato cha wazazi hakihesabiwi, kama ilivyo kwa Katie Beckett.

Tatizo ni foleni. Kila programu ina idadi ya nafasi, na zikijaa watu husubiri. Kwa nchi nzima waliokuwa kwenye foleni hizo mwaka 2024 walizidi 700,000. Texas ina orodha ambazo mtu anaweza kusubiri zaidi ya miaka kumi, na Kentucky ina foleni ndefu ya programu yake iitwayo Michelle P. Hakuna rufaa inayoweza kumpandisha mtu kwenye foleni ya kawaida. Kinachomsaidia ni tarehe aliyoandikishwa. Kwa sababu hiyo sioni kuwa hii ni njia ya kuchagua badala ya nyingine. Ni ya kuandikishwa siku ileile mzazi anapopata jina la ugonjwa wa mtoto, huku akiendelea na nyingine. Texas, kwa mfano, haimtaki mzazi athibitishe chochote ili aingie kwenye orodha. Simu moja inatosha, na ukaguzi hufanywa zamu yake inapofika. Baada ya hapo ajibu kila barua ya kuulizwa kama bado anataka kubaki, na kila anapohama nyumba aipe ofisi anwani mpya, kwani barua isiyojibiwa huweza kumfuta.

Familia moja, majimbo mawili

Tuchukue mfano wa kufikirika. Baba na mama wana watoto wawili, mmoja wao ana miaka saba na ana mtindio wa ubongo. Hatembei na hulishwa. Wote wawili wanafanya kazi ghalani na kwa pamoja hupata dola 70,000 kwa mwaka, ambazo kwa kipimo cha mwaka 2025 ni zaidi kidogo ya mara mbili ya kiwango cha umaskini. Wana akiba ya dola 9,000.

Wakiishi Portland, Maine, mtoto anapokelewa kwa njia ya kipato tu, kwa sababu mwaka 2023 jimbo hilo lilipandisha kikomo cha watoto hadi karibu mara tatu ya kiwango cha umaskini. Hawahitaji kuthibitisha ulemavu ili wapate bima. Hata hivyo ningewashauri waombe pia Katie Beckett mapema, kwa kuwa mmoja wao akipandishwa cheo na kipato kikavuka kikomo, mtoto hatabaki mikono mitupu wakati maombi ya ulemavu yanasubiri siku zake 90.

Wakiishi Houston, mambo ni tofauti. Kipato chao kimepita kikomo cha Medicaid ya watoto na cha CHIP. SSI wanaikosa kwa sababu ya akiba. Texas haina Katie Beckett ya kawaida. Mtu angedhani wamekwama, lakini Texas ina mpango unaomruhusu mzazi kuchangia ili mtoto mwenye ulemavu apate Medicaid, uliowezeshwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 2005, kwa familia zenye kipato kisichozidi mara tatu ya kiwango cha umaskini. Akiba haihesabiwi humo. Sharti moja la kuangalia ni kwamba ikiwa mwajiri wa mzazi hutoa bima ya familia na kulipa angalau nusu ya gharama yake, mzazi anatakiwa ajiunge nayo. Louisiana na Colorado nazo zina mpango wa namna hiyo. Papo hapo waingie kwenye orodha ya programu ya Texas ya watoto wanaotegemea uangalizi wa kitabibu, iitwayo MDCP.

Hadhi ya uhamiaji

Mtoto aliyezaliwa Marekani ni raia na hili halimhusu, hata kama wazazi wake hawana hati. Wazazi waombe kwa jina lake. Hawalazimiki kueleza hadhi yao wenyewe ikiwa wao hawaombi bima.

Kwa mtoto aliyekuja kama mkimbizi, sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imepunguza makundi ya wasio raia wanaolipiwa Medicaid na serikali kuu, na wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao bado hawana grini kadi wameondolewa katika makundi hayo kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026. Mkimbizi huruhusiwa kuomba grini kadi baada ya kukaa nchini mwaka mmoja, na aliyeipata akitokea kwenye hadhi ya ukimbizi hasubiri ile miaka mitano wanayosubiri wengine wenye grini kadi. Familia yenye mtoto mgonjwa isichelewe hata wiki moja kuomba. Majimbo mengi pia yametumia ruhusa ya mwaka 2009 ya kuwapokea watoto wanaoishi nchini kihalali bila kungoja miaka mitano, na machache, kama New York na Illinois, huwapokea watoto bila kujali hadhi.

SSI ina kipimo chake: mkimbizi hulipwa kwa miaka saba tu asipokuwa raia. Hapa wazazi wana njia ambayo huisahau. Mzazi mmoja akiapishwa kuwa raia wakati mtoto ana umri wa chini ya miaka 18, ana grini kadi, na anaishi naye chini ya malezi yake ya kisheria, mtoto huwa raia papo hapo kwa sheria ya mwaka 2000. Kuhusu hofu kwamba kumwombea mtoto bima kutamharibia mzazi maombi yake ya grini kadi, wakimbizi na waliopewa hifadhi wamesamehewa kwa sheria kile kipimo cha kuangalia kama mtu atakuwa mzigo kwa serikali. Wengine wazungumze na wakili wa uhamiaji kabla ya kuomba fedha taslimu kama SSI.

Maelezo yanayoamua

Isipokuwa njia ya kipato, zote hutegemea picha ya mtoto itakayoingia kwenye faili. Hapa ndipo adabu yetu hutugharimu. Mtathmini anauliza kwa simu, kupitia mkalimani, mtoto anakulaje. Mama, aliyelelewa kutomlalamikia mgeni na kutomwanika mwanawe, anajibu kwamba anakula vizuri, tunamshukuru Mungu. Mtathmini anaandika kuwa mtoto hana shida ya kula, na ukurasa unafungwa. Mama huyohuyo, akiulizwa na dada yake jikoni, angesema: hawezi kushika kijiko, namkalisha wima na mto nyuma ya shingo, namlisha uji uliochujwa kidogokidogo, akianza kukohoa namwinamisha mbele na kungoja, mlo mmoja huchukua karibu saa nzima, alilazwa kwa nimonia baada ya chakula kuingia kwenye mapafu. Hayo ndiyo majibu yanayotakiwa. Si malalamiko, wala si aibu kwa mtoto. Ni ushahidi, na bila huo daktari aliyeko ofisini hawezi kujua ni kiwango gani cha matunzo kinachohitajika.

Kabla ya tathmini, mzazi aandike kwa siku chache kila analomfanyia mtoto kuanzia alfajiri hadi alfajiri: kugeuzwa usiku, dawa za kifafa, kubadilishwa nepi, kufyonzwa makohozi, muda uliotumika kwa kila jambo. Aombe barua ya daktari inayosema mtoto hawezi nini, badala ya ile inayotaja jina la ugonjwa peke yake. Aambatanishe ripoti za tiba na mpango wa elimu maalumu kutoka shuleni. Watoto wenye usonji wanaotembea na kuongea kidogo hukataliwa sana kwenye kipimo cha matunzo, na kwao ni muhimu zaidi kuandika hatari: kukimbilia barabarani, kujipiga kichwa ukutani, kutolala.

Mkalimani ni haki na hulipiwa na ofisi, chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Mtoto mkubwa asitumiwe kutafsiri. Na kwa kuwa Kiswahili cha Bukavu na cha Mombasa havilingani, mama asiyemwelewa mkalimani aseme hivyo waziwazi na aombe mwingine, au aombe Kibembe au Kinyamulenge ikiwa ndiyo lugha yake ya nyumbani.

Barua ya kukataliwa ikija

Kanuni za serikali kuu zinaitaka ofisi ya Medicaid iangalie misingi yote ya kustahili kabla ya kumkataa mtu, kwa hiyo mzazi aliyekataliwa kwa kipato ana haki ya kuuliza kwa maandishi kama msingi wa ulemavu ulikaguliwa. Rufaa ya SSI hukatwa ndani ya siku 60. Ya Medicaid ina tarehe yake ambayo huandikwa kwenye barua. Ikiwa ni bima au malipo yaliyokuwapo ndiyo yanayokatwa, rufaa iliyowasilishwa ndani ya siku 10 kwa kawaida huyaendeleza mpaka uamuzi utoke, na kwa mtoto anayepumua kwa mashine siku hizo 10 ndizo za kuhesabiwa kwanza. Kila jimbo lina shirika la kutetea haki za watu wenye ulemavu lililowekwa kwa sheria ya shirikisho na lisilotoza wateja, na pia kituo cha wazazi kinachowasaidia wazazi wenzao katika mambo ya afya ya watoto. Simu ya 211 huweza kumwelekeza mtu huko.

Familia inayofikiria kuhama, kama wengi wafanyavyo kufuata ndugu au kazi, ijue kwamba Medicaid haivuki mpaka wa jimbo. Bima huombwa upya, na nafasi kwenye foleni ya programu za nyumbani huachwa nyuma. Kwa mtoto ambaye yuko Katie Beckett huko Minnesota, kuhamia Texas kunaweza kumgharimu zaidi ya tofauti ya kodi ya nyumba.

Kipindi kingine cha kujiandaa ni miaka 18. Kuanzia mwezi unaofuata siku hiyo ya kuzaliwa, SSI haihesabu tena kipato wala mali ya wazazi, lakini hupima ulemavu upya kwa vigezo vya watu wazima. Nayo Katie Beckett humalizika kijana anapofikisha miaka 19. Mzazi aliyenyimwa SSI miaka yote kwa sababu ya mshahara wake aiombe tena mwezi huo, kabla njia ya zamani haijafungwa.